Baruti na Kipimo Chake
Habari za magobori na bastola za fataki katika nchi ya Handeni na Korogwe

Watu wa Handeni na Korogwe waliijua bunduki ya kushindilia zamani sana kabla hawajaliona gari la moshi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Lakini miaka hamsini kabla ya hapo baruti ilikuwa imekwisha geuza mambo ya nchi. Iliwainua watu wengine na kuwashusha wengine, na katika mikono ya wasiojua kipimo chake ilimdhuru mwenyewe kabla ya kumdhuru adui.

Katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi silaha hizo zilivyoingia nchini, mambo yanayotendeka ndani ya chuma baruti inapowaka, na kwa nini kipimo ni jambo la uhai na mauti. Tutaeleza pia habari za bastola ya fataki, ile silaha ndogo yenye vyumba vitano au sita, kwa kuwa ndani yake somo la kipimo huonekana wazi kuliko katika silaha nyingine.

Nchi kabla ya baruti

Kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi na kupigwa chapa Magila sehemu kwa sehemu, chasimulia habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu. Sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa katika wilaya ya Handeni mpaka mwaka 2002, ilipotengwa wilaya ya Kilindi. Mbega hakuwa na bunduki. Alikuwa na mikuki na mbwa, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mazao ya watu, akawagawia watu nyama, na mwisho Washambaa wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Basi ukuu wa Wakilindi mwanzo wake ni mkuki, mbwa na ukarimu wa nyama.

Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa maana wako wadhanio kwamba bila baruti hapakuwa na uwindaji wala dola. Vyote viwili vilikuwapo. Baruti ilipokuja haikuanzisha nguvu; ilizihamisha tu, ikaziondoa kwa mwenye watu wengi na kumpa mwenye njia ya kufika pwani.

Baruti yaingia

Tarehe 21 Septemba mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani. Katika mapatano hayo limo neno moja lililogusa nchi yetu sana. Ilikubaliwa kwamba bunduki, baruti na risasi zikiletwa katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali ya Sultani. Lakini katika bandari zake nyingine zote ziliweza kuuzwa bila kizuizo kwa mtu yeyote atoaye bei kubwa. Sayyid Said alijilinda nyumbani kwake, na mlango wa bara ukaachwa wazi.

Kwa mlango huo bunduki zikapanda bara, na Pangani na Saadani zilikuwa miongoni mwa njia zake kubwa. Zilikuja pamoja na nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba; na waliokuja nazo walirudi na pembe za ndovu, tena, ole wao waliotekwa, na watumwa. Wazigua walikaa karibu na pwani kuliko Washambaa wa milimani. Kwa hiyo wao ndio waliotangulia kupata silaha hizo kwa wingi.

Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Wakati huo mfalme alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala milima ya Usambara na nchi za chini mpaka karibu na bahari. Krapf aliona kwamba Wazigua walikuwa wamepata nguvu kando ya mto wa Ruvu, ambao wengine wauita Pangani, kwa ajili ya bunduki zao. Mwezi wa Februari mwaka 1857 wakafika Waingereza wawili, Burton na Speke. Burton aliandika kwamba Kimweri alikuwa na kikosi chake cha watu 400 wa bunduki, aliowaita Waingereza wake. Lakini kikosi hicho hakikuweza kuwarudisha Wazigua nyuma. Bunduki bila baruti ni fimbo, na baruti ilitoka pwani. Aliyekaa katikati ya pwani na mlima ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala.

Kimweri alipokufa mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikaa katika kiti cha Vuga. Lakini mwana mmoja wa Kimweri, jina lake Semboja, alikuwa akikaa Mazinde, chini ya milima, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Korogwe. Mazinde ilikuwa njiani pa misafara iendayo Kilimanjaro na Umasai. Wenye biashara walipita kwake, na kwao alipata bunduki na baruti. Vuga ilikuwa na heshima ya kale, na Mazinde ilikuwa na soko. Vita vilipotokea, soko liliishinda heshima: Semboja alimtoa Shekulwavu katika Vuga. Mwandishi wa Habari za Wakilindi aliyajua mambo hayo kwa macho yake, maana alikaa kwa Semboja.

Tena yuko Kisabengo, Mzigua aliyekwenda kusini na kujenga mji wenye boma la mawe karibu na mahali palipo Morogoro leo. Na Stanley alipoupita mji huo mwaka 1871 ulikuwa chini ya binti yake. Yuko pia Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani tangu mwaka 1889 mpaka akapatana nao mwaka 1890. Wote hawa walisimama juu ya nguzo moja, nayo ni pipa la baruti.

Hesabu ya bunduki ilizidi mwaka hata mwaka. Baada ya mwaka 1866 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki za kushindilia kwa mdomo na kutwaa zile za kutia risasi kwa nyuma. Zile zilizoachwa hazikutupwa. Ziliuzwa, nyingi zikaletwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 zaingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Bunduki za namna tatu

Bunduki ya kale zaidi ni ile ya mrao, ambayo huwashwa kwa utambi wenye moto. Ya pili ni gumegume, yenye jiwe la kutoa cheche. Ya tatu ni ya fataki.

Fataki ilianzia kwa padre mmoja wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Aliona kwamba jiwe la gumegume likigonga, moto huonekana juu ya bunduki kabla risasi haijatoka, na ndege huruka. Akatafuta dawa ya kulipuka kwa kugongwa tu, na mwaka 1807 akapata hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Baadaye mafundi wengine wakaitia dawa ya namna hiyo ndani ya kikofia kidogo cha shaba. Kikofia hicho huvikwa juu ya kifa, yaani kile kichomozi chenye tundu jembamba. Mtambo ukigonga, moto hupita katika tundu na kuifikia baruti mara moja, hata wakati wa mvua ndogo.

Katika magobori ya nchi yetu zilikuwapo gumegume na bunduki za fataki. Zote mbili hutiwa baruti kwa mdomo wa kasiba, yaani lile bomba la chuma. Kisha hutiwa kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisau, na yote hushindiliwa kwa ufito uitwao mdeki.

Mambo yanayotendeka ndani ya kasiba

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiwaka hugeuka kuwa hewa ya moto sana na moshi mzito. Mwaka 1875 Waingereza wawili wataalamu, Andrew Noble na Frederick Abel, walitoa habari za majaribio yao makubwa. Waliiwasha baruti ndani ya vyombo vya chuma cha pua vilivyofungwa kabisa. Waliona kwamba katika uzito wa baruti wa sehemu 100, sehemu 43 hivi hugeuka hewa, na sehemu 57 hubaki kama majivu na masizi. Waliona tena kwamba baruti ikikijaza chombo chote, wala hewa isipate pa kutokea, msukumo wake huzidi tani 40 juu ya kila inchi moja ya mraba. Inchi moja ya mraba ni kama ukubwa wa stempu ya barua. Hebu fikirini tani 40 zikikalia stempu moja.

Katika bunduki msukumo haufiki hapo, kwa kuwa risasi hukimbia mbele na kuipa ile hewa nafasi. Twaweza kusema kwamba risasi ndiyo mlango wa nyumba. Mlango ukifunguka upesi, kuta husalimika. Mlango ukiwa mzito mno, au ukikwama, kuta hupasuka. Na nyuma ya ukuta huo ndipo ulipo mkono wa mwindaji na jicho lake.

Mambo yanayozidisha msukumo ni haya: wingi wa baruti, uzito wa risasi, udogo wa chembe za baruti, kwa maana chembe ndogo huwaka upesi kuliko kubwa, na kizuizi cho chote ndani ya kasiba. Wengi hudhani ya kuwa baruti ikitiwa mara mbili, risasi nayo huenda mbali mara mbili. Sivyo. Nyongeza ya mwendo ni ndogo kuliko nyongeza ya baruti, na tena baruti nyingine hutupwa nje ya mdomo kabla haijaungua. Lakini chuma hakipati punguzo. Hubeba mzigo wote.

Kwa nini vidole si kipimo

Mafundi wa Uingereza hupima baruti kwa uzito uitwao punje. Punje 7,000 hufanya ratili moja, na punje 15 na nusu hivi hufanya gramu moja. Huo ni uzito, si chembe moja ya baruti yenyewe. Bunduki ya askari wa Uingereza ya mwaka 1853, iliyoitwa Enfield, ilitiwa baruti punje 68 nyuma ya risasi ya punje 530. Yaani baruti ilikuwa sehemu moja, na risasi karibu sehemu nane. Tena askari hakupima mwenyewe. Baruti na risasi zilifungwa pamoja ndani ya karatasi, naye alipasua karatasi tu na kutia.

Sasa tazameni desturi iliyozoeleka kwa wenye magobori katika Afrika. Baruti ilimiminwa kwa kiganja, kisha mdeki ukatiwa, na kimo cha mzigo kikapimwa kwa vidole vilivyoweza kuwekwa juu ya sehemu ya mdeki iliyobaki nje. Vidole vitatu ni vya ndege, vinne ni vya nguruwe, na mtu mwenye kiu ya kusikia mshindo mkubwa huongeza.

Kipimo hicho kina makosa matatu. Kwanza, vidole vya mtu mmoja si sawa na vya mwingine. Pili, kidole hupima kimo wala hakipimi uzito. Kasiba yenye upana wa robo tatu za inchi huchukua, kwa kimo kile kile, mara mbili na robo ya baruti ichukuliwayo na kasiba ya nusu inchi. Basi kijana aliyerithi kipimo cha baba yake lakini akabadili bunduki, amerithi kitu kisicho na maana. Tatu, baruti zenyewe si sawa. Baruti ya biashara iliyoletwa bara ilikuwa ya chembe kubwa na nguvu haba, na mkono ukazoea kutia nyingi. Siku ilipopatikana baruti safi, yenye chembe ndogo, mkono ule ule ulitia kiasi kile kile, na kasiba ikafunguka kama ganda la mnyonyo.

Tusisahau pia chuma chenyewe. Katika miji ya Ulaya iliyotengeneza bunduki ziliwekwa nyumba za kuzijaribu: Liège katika Ubelgiji tangu mwaka 1672, na Birmingham katika Uingereza tangu mwaka 1813. Kasiba mpya hutiwa baruti nyingi kupita desturi, hufyatuliwa watu wakiwa mbali, na ikistahimili hupigwa chapa. Ni kazi njema. Lakini chapa hiyo yashuhudia habari za kasiba ilipokuwa mpya. Haishuhudii habari zake baada ya masika thelathini ya Uzigua. Yale masizi yanayobaki, ambayo tumesema ni zaidi ya nusu ya uzito wa baruti, hunyonya maji ya hewani na kula chuma. Nayo hukaa zaidi penye kitako cha kasiba, ndipo hasa penye msukumo mkubwa. Bunduki isiyooshwa kwa maji na kukaushwa na kupakwa mafuta hudhoofika ndani, huku nje yang'aa.

Bastola ya vyumba

Wasafiri wa Ulaya waliofika pwani yetu baada ya mwaka 1850 walizoea kuchukua bastola ya fataki. Speke, yule aliyefika Vuga pamoja na Burton, alikuwa na bastola ya namna ya Adams waliposhambuliwa usiku huko Berbera, katika nchi ya Wasomali, mwaka 1855. Bastola zilizojulikana zaidi zilikuwa zake Adams wa London na zake Samuel Colt wa Marekani, aliyepata hati yake nchini mwake mwaka 1836.

Bastola hiyo ina gurudumu nene la chuma lenye vyumba vitano au sita. Kila chumba hutiwa baruti kwa mbele, kisha risasi ya mviringo iliyo pana kidogo kuliko chumba, nayo husukumwa ndani kwa nguvu na wenzo mdogo. Nyuma ya kila chumba pana kifa chenye fataki yake. Mtambo ukivutwa, gurudumu huzunguka na chumba kingine huja mbele ya kasiba.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa na gobori. Kasiba ya gobori ni ndefu, nayo hukubali yote itiwayo; haimwambii mtu kwamba yatosha. Chumba cha bastola ni kifupi. Baruti ikizidi, risasi haiingii. Nayo risasi ikichomoza, gurudumu halizunguki. Chumba chenyewe ndicho kibaba. Aliyeitengeneza alikwisha pima kabla ya mwenye kuitumia.

Lakini hata mafundi wakubwa walijifunza kwa hasara. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico, Colt alitengeneza bastola kubwa iitwayo Walker, kwa mashauri ya nahodha mmoja wa jeshi. Uzito wake ulikuwa ratili nne na nusu, na kila chumba kiliweza kupokea baruti punje 60, karibu sawa na bunduki ndefu. Chuma cha siku hizo hakikuwa na uwezo huo, na magurudumu kadhaa yalipasuka mikononi mwa askari.  Mwaka 1848 alitoa bastola nyingine yenye vyumba vifupi, vya punje 50 hivi. Alilirudisha neno la kiasi ndani ya chuma.

Bastola zake za baadaye zilipunguzwa zaidi. Ile ya mwaka 1851, yenye upana wa sehemu 36 katika mia za inchi, hutumia risasi ya punje 80 hivi, na mzigo wake wa desturi ni baruti punje 15 hata 25. Ile ya mwaka 1860, yenye upana wa sehemu 44, hutumia risasi ya punje 140 hivi, na mzigo wa punje 25 hata 30 huitosha. Hata leo wako watu, hasa katika Marekani na Ulaya, wanaopiga shabaha kwa mifano mipya ya bastola hizo. Wao wajua kwamba mzigo ulengao vizuri, mara nyingi, ni mdogo kuliko ule unaojaza chumba. Na wakitia baruti kidogo, huongeza juu yake unga mkavu wa mahindi ili risasi isiwe mbali na baruti. Msishangae: unga wa ugali wa Handeni una kazi yake hata katika bastola.

Makosa ya kuepukwa

Kutokana na historia hii twaweza kuyahesabu makosa yaliyowaumiza watu wa kale, katika nchi yetu na katika nchi nyingine.

La kwanza ni kuzidisha baruti, nalo tumelisema.

La pili ni kuacha nafasi kati ya baruti na risasi. Risasi iliyokwama katikati ya kasiba si risasi tena bali ni kizibo. Hewa ya moto huja kwa kasi, huigonga, na kasiba hututumka au kupasuka mahali pale pale. Matope au kitambaa mdomoni mwa kasiba hufanya vivyo hivyo.

La tatu ni kutia mzigo juu ya mzigo. Bunduki imegoma, mtu kwa hofu hakutambua, akashindilia tena. Baada ya vita vya Gettysburg katika Marekani, mwezi wa Julai mwaka 1863, ziliokotwa bunduki 27,574. Karibu 24,000 zilikuwa zimeshindiliwa, na katika hizo 12,000 hivi zilikuwa na mizigo miwili, na 6,000 hivi zilikuwa na mitatu hata kumi. Hao walikuwa askari waliofundishwa. Je, mtu aliye peke yake shambani usiku, akimsikia nguruwe katika mahindi, atakumbuka kama amekwisha tia?

La nne ni la bastola hasa. Risasi isiyoziba chumba vizuri, au fataki isiyokaa imara juu ya kifa, huuachia moto njia, na vyumba vya jirani hulipuka pamoja na kile kilicho mbele ya kasiba. Ndiyo sababu risasi hufanywa pana kidogo hata ikichongwa pete nyembamba inapoingia, na watu wengi hupaka mafuta mazito juu yake. Kadhalika wenye busara hukiacha chumba kimoja kitupu chini ya mtambo, bastola isije ikalia kwa kuanguka.

La tano ni kutumia baruti isiyo yake. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, nayo ndiyo iliyomo katika risasi za bunduki za sasa. Kwa macho aweza mtu kuidhani ni baruti tu. Lakini uwakaji wake si kama wa baruti nyeusi, na msukumo wake hushinda kabisa chuma cha gobori na cha bastola ya fataki. Mtu anayepasua risasi za kisasa ili apate baruti ya gobori hajipatii akiba. Hujitengenezea bomu lenye kitako cha mti.

Sheria na hali ya leo

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels katika Ubelgiji, na tarehe 2 Julai yakatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake iliamriwa kuzuia bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo ruhusa ilibaki kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, na kwa ile baruti hafifu ya biashara. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu, na kuinyima silaha kulikuwa jambo la haki. Lakini lazima tuone upande wa pili. Bunduki nzuri zilibaki kwa serikali za kigeni zilizokuwa zikiitwaa nchi wakati ule ule. Mwenyeji akaachiwa chuma cha zamani na baruti isiyo na kipimo. Basi gobori halikukaa kwetu miaka mingi kwa kuwa watu hawakujua jema. Lilikaa kwa kuwa ndilo walilouziwa, na baadaye ndilo waliloruhusiwa.

Siku hizi katika Tanzania hakuna awezaye kuwa na silaha bila kibali. Jambo hilo lasimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Lakini vitu vya kale havikwisha vyote. Gobori la babu laweza kuwapo darini au nyuma ya ghala, likiwa na kutu, na watoto wakalichukua kwa mchezo. Mjue kwamba baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi upesi. Yaweza kuwaka baada ya miaka mingi sana. Gobori lililowekwa na mzee aliyekwisha kufa huenda bado lina mzigo alioutia yeye, kwa vidole vyake mwenyewe, kwa ajili ya nguruwe wa mwaka ule. Lisielekezwe kwa mtu, lisigongwe, lisitiwe motoni, wala lisijaribiwe. Apewe habari mwenyekiti wa kijiji, au polisi, waje walichukue.

Kwa ufupi, historia ya baruti katika bonde la Ruvu ni historia ya kipimo. Walioileta walipima bei na hawakufundisha uzito. Walioinunua walipata nguvu nyingi kwa muda mfupi, na hasara walibebeshwa wao. Mbele ya chuma kilichofungwa ushujaa haufai kitu, wala kelele hazifai. Kinachofaa ni kujua kiasi gani chatosha, na kukomea hapo.